Gari la zamani lisilomaliza mafuta: namna ya kulichagua ukiwa Tabora

Malipo ya tumbaku yakishatoka kwenye vyama vya msingi, kuna swali ambalo hutufikia mara kwa mara kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge: nina milioni kadhaa, nataka gari la zamani, imara, lisilokula mafuta, ninunue lipi? Makala haya ni jibu letu. Tunaposema gari la zamani tunamaanisha yale yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, kama Land Rover 109, Peugeot 504, Corolla za kabureta na Hilux za dizeli. Ni magari ambayo fundi wa kijijini anaweza kuyafungua bila kompyuta, na bei yake ya kununua huwa ya chini. Lakini bei hiyo unailipa mara moja. Mafuta utayalipa kila wiki.

Watu wa huku walilijua hilo kabla ya injini kufika. Misafara iliyopita Tabora na Kwihara ikienda Ujiji ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa takribani kilo 30 begani au kichwani. Kiongozi wa msafara alipiga hesabu ya posho kwanza, maana vitambaa na shanga alizobeba zilikuwa pia za kununulia chakula njiani, na msafara ulioishiwa posho uliishia hapo hapo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na siku hizi lami inatoka Tabora kwenda Nzega, Manyoni, Mpanda na Kaliua. Hesabu ya posho iko pale pale, ila sasa inaitwa lita.

Hesabu ya kufanya kabla ya kwenda kuona gari

Chukua mtu wa Sikonge anayekwenda Tabora mjini mara moja kwa wiki na kurudi, takribani kilomita 140. Tuweke lita moja shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Land Rover 109 ya petroli inayokwenda kilomita 6 kwa lita itamla lita 23 na ushee, yaani shilingi 70,000 kwa wiki. Hilux ya dizeli inayokwenda kilomita 10 kwa lita itataka lita 14, shilingi 42,000. Corolla ya kilomita 13 kwa lita itataka kama lita 11, shilingi 32,000 hivi. Kwa wiki 50, Land Rover imekula milioni 3.5, Hilux milioni 2.1 na Corolla milioni 1.6. Tofauti ya Land Rover na Corolla kwa mwaka mmoja inakaribia milioni 2, na hapo hatujagusa tairi wala oili.

Weka bei halisi ya wilaya yako. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kila wilaya ina bei yake. Kadiri unavyokuwa mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ndivyo lita inavyozidi kuwa ghali. Bei hizo unazipata kwa simu yoyote, hata ya kitochi, kwa kupiga *152*00#. Angalia petroli na dizeli zote mbili, kwa sababu kuna miezi dizeli huwa juu na miezi huwa chini.

Magari yenyewe

Tuanze na Land Rover, maana ndilo linalopendwa kuliko yote na ndilo linalofilisi watu wengi. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bodi yake ni ya alumini, haioti kutu. Chasisi ni ya chuma, nayo huoza kimyakimya kutoka ndani. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina subira kubwa na kiu kubwa. Heshima ya gari hili haijapungua, na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima kwa ajili yake. Lakini kwa mtu wa kipato cha msimu, sisi hatulishauri likiwa na injini ya petroli, isipokuwa kama kazi yake ni kuvuta na kubeba shambani kwa safari fupi. Defender za miaka ya 1990 zenye dizeli ya 200Tdi au 300Tdi ni habari nyingine: zinafika karibu kilomita 10 kwa lita na hazina umeme mwingi wa kuwatatiza mafundi. Bei yake inajulikana, usitegemee ya kuokota.

Utakutana pia na 109 nyingi zilizobadilishwa injini na kuwekewa dizeli ya Kijapani. Si jambo baya, na mara nyingi ndiyo maana bado zinatembea. Ila namba ya injini iliyo kwenye kadi ilingane na ile iliyopigwa kwenye chuma. Isipolingana, mwenye gari alimalize suala hilo TRA kabla hujamkabidhi hata senti.

Hilux za dizeli, zile zenye injini za 2L na 3L, ndizo tunazoziona kuwa chaguo la kwanza kwa mkulima. Haziendi mbio. Zinabeba, zinavumilia, na kilomita 10 kwa lita ni kitu cha kawaida ikiwa pampu na nozeli ni nzima. Faida yake kubwa iko dukani: injini hizo hizo zilifungwa kwenye Hiace za abiria, hivyo gasketi, ringi za pistoni, chujio na pampu ya maji hupatikana Tabora mjini bila kusubiri basi la Dar es Salaam. Jihadhari na ile yenye tabo, 2L-T, kwa sababu hedi yake ina sifa ya kupasuka ikichemka. Uliza historia ya rejeta kabla ya kuuliza rangi.

Corolla za kabureta, kwa mfano KE70 yenye injini ya 4K ya lita 1.3, ni rafiki wa mtu anayeishi kando ya lami. Kamshafti yake inaendeshwa kwa cheni, hakuna mkanda wa kukatika njiani. Zinafika kilomita 13 kwa lita, na zaidi kidogo ukiendesha kwa utulivu. Ubaya wake unaujua kila anayeishi karibu na mbuga. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo ule mweusi hushika gari la chini kama gundi, na gari lililonasa huku limewashwa linakula mafuta bila kusogea hata hatua.

Kwa mwalimu, muuguzi au bwana shamba anayekwenda peke yake kwenye njia mbaya bila mzigo mkubwa, tunaitaja Suzuki ndogo ya Samurai ya lita 1.3. Ni nyepesi, ina gia ya kuvuta magurudumu yote manne, na haila mafuta kama ndugu zake wakubwa. Ndani ni finyu, na abiria wa nyuma watalalamika.

Peugeot, au Pijo kama wazee wanavyoiita, tunaitaja kwa mapenzi. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, na 504 ikaja kushinda mwaka 1975 na 1978. Springi zake hulainisha mashimo kuliko gari lolote tulilolitaja hapa, na 504 ya dizeli haili mafuta mengi. Shida ni spea. Kama hujui fundi mmoja anayeijua vizuri na sehemu moja ya kupata vifaa vyake, iache.

Jambo jingine kwa magari ya petroli ya miaka ya 1960 na 1970: yalitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa sokoni kufikia 2006. Bila risasi ile, viti vya valvu visivyo vya chuma kigumu huchakaa, nguvu ikapungua na ulaji ukapanda. Muulize muuzaji kama hedi imewahi kuwekewa viti vigumu.

Lipime kabla ya kulipa

Gari moja la aina ile ile linaweza kwenda kilomita 13 kwa lita na jingine 8. Ndiyo maana hatuwezi kukuambia uamini jina. Omba ulijaribu kwa mafuta yako. Jaza tenki hadi shingoni kwenye kituo, nenda umbali usiopungua kilomita 50, rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena hadi pale pale. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Mita za magari haya mara nyingi zimekufa au zimerudishwa nyuma, kwa hiyo pima umbali kwa ramani ya simu. Muuzaji akikataa jaribio unalolilipia mwenyewe, hilo nalo ni jibu.

Liwashe asubuhi likiwa baridi. Ukifika ukalikuta limeshachemshwa, rudi siku nyingine. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ringi au mihuri ya valvu imechoka. Moshi mweusi kwenye petroli ni kabureta inayomwaga mafuta, na kwenye dizeli tazama nozeli na chujio la hewa. Kwa vumbi la huku chujio lililoziba ni jambo la kila siku, na ni tiba ya bei ndogo. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ukiona kitu kinachofanana na chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya gari.

Ulaji mwingine hautoki kwenye injini kabisa. Ukishaendesha kidogo, simama na uguse rimu moja moja kwa tahadhari. Iliyo moto kuliko wenzake breki yake inashika. Klachi inayoteleza, tairi zisizo na upepo wa kutosha na keria kubwa juu ya paa, vyote vinakula lita. Tumeshasikia watu wakiuza gari kwa sababu ya "injini mbovu" ambayo ilikuwa breki.

Karatasi

Linganisha namba ya chasisi na ya kadi kwa macho yako. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Andikishaneni mkataba, kisha mkabadilishe umiliki TRA wote wawili mkiwa na TIN. Gari lililobaki kwa jina la marehemu au la mtu aliyehamia mkoa mwingine linasumbua miaka. Bima ndogo ni lazima hata kama unaliendesha siku za mnada tu.

Kuagiza gari kuukuu kutoka nje hatukushauri kwa bajeti hii, kwa sababu kodi ya kuingiza huongezewa ushuru wa uchakavu. Lililokwisha kusajiliwa nchini lilishalipiwa hayo. Na tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, gari unaloliegesha masika yote halidaiwi ada hiyo. Ukiliegesha, litoe betri na uliweke juu ya matofali.