Mpaka Ulipofungwa, Korti Ilikuwa Wapi?

Bibi yangu hasemi Tanzania. Anasema Moa, kwa sababu dada yake aliolewa Moa, na kwake hiyo ni safari ya kwenda kwa dada tu. Wadigo wako Msambweni, wako Vanga, wako Mkinga hadi Tanga. Mwingereza na Mjerumani walichora mstari katikati yetu, watu wakaendelea kuozana.

Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoundwa na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1967, ilikuwa inakata roho. Pesa za mashirika ya pamoja zinagombaniwa, Nyerere hakai meza moja na Idi Amin, ndege za pamoja zimesimama na Kenya imeshaanzisha shirika lake. Vitabu vinaeleza haya kwa lugha ya vikao. Bibi anaeleza hivi: dada yake alifiwa na mume mwaka 1979, na habari ikafika Msambweni baada ya siku tisa, kwa mdomo wa mvuvi. Walioenda kumpa pole walienda kwa ngalawa, usiku, bila taa, wakamkuta ameshakaa eda. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Moi, Nyerere na Obote walipokubaliana kuhusu mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa.

Mimi niliacha chuo nikisomea sheria, mwaka wa tatu (ada, tusiingie huko), kwa hivyo nikauliza swali la mwanasheria nusu: mtu wa kawaida angeshtaki wapi? Kumbe hapakuwa na mahali. Jumuiya ile ilikuwa na Mahakama ya Rufaa, lakini hiyo ilisikiliza rufaa za kesi za kawaida. Mizozo ya mkataba wenyewe ilikuwa ya serikali kwa serikali.

Mkataba mpya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulijaribu kuziba tundu hilo. Nchi wanachama ziliahidi kufuata utawala wa sheria, na kifungu cha 30 kikampa mkazi yeyote, mimi, wewe, bibi, haki ya kuishtaki serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Hakikuweka muda wa kushtaki. Shika hapo.

Mahakama ikakaa karibu bila kazi. Kesi yake ya kwanza ni ya 2005. Mwaka uliofuata ikaja ya Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kumi. Walidai kwamba wabunge tisa wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki walipangwa na vyama badala ya kuchaguliwa kama mkataba unavyotaka. Tarehe 27 Novemba 2006 majaji wakazuia tisa hao wasiapishwe. Yaani korti changa ya Arusha inaiambia serikali ya Kenya: ngoja kwanza.

Unajua marais walijibu vipi? Walibadilisha mkataba. Marekebisho yalisainiwa tarehe 14 Desemba, siku 17 baadaye. Shati langu limewahi kukaa kwa fundi cherehani muda mrefu kuliko huo. Mahakama ikagawanywa, ya mwanzo na ya rufaa, na hilo si baya. Lakini sasa jaji akisimamishwa kazi nchini kwake, na Arusha anaweza kusimamishwa. Na anayetaka kushtaki akawekewa miezi miwili tangu kitendo kifanyike, ama tangu alipokijua.

Majaji hawakunywea. Machi 2007 waliamua kwamba Kenya haikufanya uchaguzi wowote, na kazi ikarudiwa. Novemba wakaiambia Uganda kwamba kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala kwa silaha, ili watu waliopewa dhamana wasitoke huru, ni kuvunja utawala wa sheria. Mwaka 2008 wakasema hata yale marekebisho yalipitishwa bila kuwashirikisha wananchi, kinyume cha mkataba. Ila hawakuyafuta. Nimesoma hukumu hiyo mara mbili nikitafuta ujasiri kwenye kurasa za mwisho, sikuupata.

Miezi miwili ikabaki, na ina watu wake. Shirika moja la haki za binadamu la Kenya lilipeleka Arusha madai ya mauaji na mateso ya Mlima Elgon, ya 2006 hadi 2008. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa kesi: imechelewa. Hakikusema mauaji hayakutokea. Kilihesabu tarehe.

Ulaya, mwaka 2021, Poland iliamriwa kulipa euro milioni moja kila siku kwa kukaidi korti ya umoja wao. Huku kwetu wenye uwezo wa kuisimamisha nchi uanachama ni marais wakiwa kikaoni, yaani washtakiwa wenyewe.

Msimu wa machungwa ya Muheza nilipita Lunga Lunga, nikamletea bibi mfuko mmoja na hii hadithi ya korti. Alisikiliza akimenya.

"Sasa mume wangu," ndivyo anavyoniita, "wakifunga tena, nina miezi miwili?"

"Ndiyo, bibi."

Akatema mbegu. "Na hiyo Arusha iko upande gani wa mpaka?"

Upande wa pili, nikamwambia. Nikaanza kumweleza kwamba Nairobi kuna ofisi ndogo inayopokea karatasi za kesi, lakini alishachukua chungwa lingine.