Kutaja Ubongo Hakutoshi: Nguvu na Udhaifu wa Mkabala wa Kibiolojia katika Saikolojia

Mkabala wa kibiolojia huieleza tabia ya binadamu kwa kurejelea ubongo, homoni na jeni. Makala hii inatetea hoja moja: mkabala huu una nguvu pale unapoonyesha, kwa ushahidi unaoweza kupimwa na kukanushwa, jinsi mwili unavyosababisha tabia inayochunguzwa. Unapokosa ushahidi huo, dhana za jamii huvalishwa joho la sayansi.

Nguvu yake inadhihirika katika wazimu utokanao na kaswende. Katika karne ya 19, wagonjwa wengi katika hospitali za akili za Ulaya walijidai kuwa wafalme au matajiri, kisha wakapoteza kumbukumbu, wakapooza na kufa. Wapo watu waliolaumu maadili ya wagonjwa hao. Mwaka 1913, Hideyo Noguchi na J. W. Moore walionyesha bakteria wa kaswende ndani ya ubongo wa watu waliokufa kwa maradhi hayo. Chanzo kilipojulikana, tiba ikawa na shabaha, na katika miaka ya 1940 penisilini ikaanza kuokoa maisha. Hakuna mazungumzo ya ushauri nasaha ambayo yangeua bakteria hao.

Udhaifu wake tunaukuta Nairobi. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za neva za sehemu ya mbele ya ubongo. Msingi wa dai hilo ulikuwa ulinganisho wa tabia: tabia zilizodhaniwa kufanana zilichukuliwa kuwa dalili ya utendaji unaofanana wa ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, vuguvugu lililoupinga utawala huo. Madai ya vuguvugu hilo ya ardhi na uhuru yakafunikwa na maelezo ya akili iliyovurugika.

Huenda ikajibiwa kwamba hayo ni makosa ya ukoloni, si ya mkabala wenyewe. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Hata utafiti makini una mpaka wake. Mapacha wa kufanana wana jeni karibu zilezile. Hata hivyo, mmoja akiugua skizofrenia, mara nyingi mwenzake haugui. Jeni zina uzito, lakini haziamui peke yake. Vilevile, dawa inayobadilisha kemikali za ubongo inaweza kumpunguzia mtu sonona bila kuthibitisha kwamba upungufu wa kemikali hizo ndio uliomfanya augue. Kufiwa, ufukara na upweke navyo huacha alama mwilini. Kuiona alama si kukijua chanzo.

Kwa hiyo, kuutupa mkabala huu kungekuwa kuwanyima wagonjwa tiba, na kuukumbatia bila masharti kungekuwa kuwanyima watu haki. Kila dai la kibiolojia lijibu maswali matatu: ni mchakato gani mwilini unaohusika, umepimwaje, na ni ushahidi gani ungelikanusha? Dai lisilojibu halistahili kuongoza tiba wala sera.