Uso Unaowaka Bila Kuwa Mwekundu

Diani uso mwekundu tunaujua. Mtalii akishinda ufukweni, jioni anafanana na kamba aliyetoka chunguni, na vijana wanasema mzungu kaiva. Basi tumezoea kuamini kwamba wekundu ni jambo la wageni. Imani hiyo haikuanzia kwetu, na inatugharimu.

Upo ugonjwa wa ngozi unaoitwa rosasia. Mashavu na pua huwaka, mishipa midogo ya damu hutanuka, vipele kama chunusi hutoka, na pengine macho hukereketa. Hauambukizi. Jua, joto, pilipili, chai ya moto na mawazo mengi huuchochea. Yaani maisha ya Pwani yenyewe.

Ulaya umeonekana zamani. Katika karne ya 14 mshairi Geoffrey Chaucer alimsawiri mtumishi wa mahakama ya kanisa mwenye uso wa moto na vipele. Mnamo 1490 hivi, Domenico Ghirlandaio alichora mzee mwenye pua iliyovimba mafundomafundo. Picha hiyo iko Louvre, Paris. Madaktari nao walijifunza kuutambua ugonjwa huu kwa rangi: uso ukiwa mwekundu, ndio huo. Ngozi nyeusi haikuwemo pichani.

Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, au usionekane kabisa. Shangazi yangu wa Msambweni hakuwahi kusema amekuwa mwekundu. Alisema, "Mwanangu, uso waniwaka." Akaambiwa ni joto, mara ni mzio, mara ni umri. Mwishowe akauziwa dukani tyubu isiyo na karatasi ya maelezo. Mimi chuo nilikiacha na udaktari sikusomea, lakini kusoma najua, nikaanza kuifuatilia historia ya tyubu ile.

Ilikuwa krimu ya steroidi. Mwaka 1952, Marion Sulzberger na Victor Witten wa Marekani walionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo, ikipakwa, hutuliza ukurutu. Ilikuwa neema kweli. Zikafuata kali zaidi, na mwaka 1969 daktari Ian Sneddon wa Sheffield, Uingereza, akaonya katika jarida la British Medical Journal kwamba hizo kali huharibu uso wenye rosasia. Hubana mishipa, uso ukapoa siku chache. Ukiacha, moto unarudi maradufu, nawe unapaka tena. Na hata asiyekuwa na rosasia, akizipaka usoni muda mrefu, anaweza kupata hali kama hiyo. Huku kwetu krimu hizo zilipata kazi ya pili, kuchubua ngozi, zikaingia kwenye mkorogo. Onyo la 1969 halikuzifuata hadi dukani.

Dawa zinazofaa zipo: jeli ya metronidazoli, asidi ya azelaiki, vidonge vya doksisaiklini kwa maelekezo ya daktari, na kujikinga na jua kila siku. Mojawapo Kwale inaijua kwa kazi nyingine. Ivamektini ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, ikawaletea Satoshi Ōmura na William Campbell tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha krimu yake ya asilimia 1 kwa rosasia. Huua utitiri wadogo wanaoishi kwenye vinyweleo vya uso. Na hapa Kwale, katika utafiti wa BOHEMIA, vidonge vyake viligawiwa vijijini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, ili mbu anayemuuma aliyemeza afe. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26 kuliko kwa waliopewa albendazoli. Lakini vidonge vya malaria si krimu ya uso, na ile ya mifugo usiiguse.

Kwa hiyo ukienda kliniki, usingoje daktari auone wekundu. Mwambie kunawaka, tangu lini, baada ya kula nini au kukaa wapi. Beba kila tyubu unayopaka, hata ile unayoionea haya. Kama ni steroidi, muulize namna ya kuiacha, maana siku za mwanzo uso utachafuka kabla ya kutulia. Shangazi siku hizo alizipita na mtandio usoni, akiwaambia majirani ni vumbi.