Ziwa Lililonunuliwa kwa Dola Moja kwa Mwezi

Jumapili ya tarehe 27 Julai 1919, jua la Chicago lilikuwa kali na watu wakakimbilia majini. Eugene Williams, kijana Mweusi wa miaka 17, alikuwa na wenzake juu ya chelezo katika Ziwa Michigan. Maji yakawasukuma taratibu hadi wakavuka mstari usioonekana, uliotenganisha upande walioogelea Weusi na ule wa Weupe karibu na Mtaa wa 29. Hakuna sheria iliyouchora mstari huo. Ulilindwa na mazoea na vitisho. Mzungu mmoja aliyekuwa ufukoni akaanza kuwarushia mawe. Eugene akazama, akafa. Polisi aliyekuwa zamu alikataa kumkamata mrusha mawe, na fujo zilizofuata zilidumu takriban wiki nzima. Watu 38 walipoteza maisha, Weusi 23 na Weupe 15.

Ni vigumu kuelewa mambo ya Idlewild, mji wa mapumziko wa watu Weusi, bila kuikumbuka Jumapili hiyo. Mtu aliyefukuzwa majini huku joto likimchoma analitazama ziwa tofauti na yule ambaye ziwa limekuwa lake tangu kuzaliwa.

Idlewild iko karibu kilomita 400 kutoka Chicago kwa barabara, kaskazini-magharibi mwa rasi ya kusini ya jimbo la Michigan, katika wilaya inayoitwa Lake County. Huko kuna misitu, mito ya maji baridi na maziwa madogo madogo yaliyotawanyika kama vidimbwi baada ya mvua. Baridi inapoondoka na barafu kuyeyuka, nchi hiyo hugeuka kabisa: jua hukawia kuzama hadi usiku, na kuanzia Juni hadi Agosti watu wa mijini humiminika na mishipi yao, mitumbwi na mahema. Wazungu wa Chicago, Detroit na Grand Rapids walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 19. Hoteli zao hazikumpokea Mweusi, isipokuwa amekuja kupika au kubeba mizigo.

Ardhi yenyewe ilikuwa imechoka. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 Michigan iliongoza Marekani nzima kwa mbao, na misonobari mikubwa ya Lake County ilikatwa, ikasafirishwa, na kujenga miji ya watu wengine. Waliobaki walirithi visiki na mchanga. Katika mji jirani wa Baldwin, fundi mmoja, Raymond Overholzer, alitumia miaka mingi kuchonga viti, meza na vitanda kutokana na visiki na mizizi hiyo hiyo, na kazi zake zinaonyeshwa huko hadi leo. Kwa mkulima, hata hivyo, mchanga ule haukuwa na faida, na ndiyo maana bei ilikuwa ya chini.

Mwaka 1912 kundi dogo la wafanyabiashara Weupe liliona nafasi. Erastus Branch na mkewe, wakishirikiana na akina Lemon wa Chicago na wengine wachache, walianzisha kampuni, wakakata ardhi inayozunguka mojawapo ya maziwa hayo kuwa viwanja vya futi 25 kwa 100, na kuamua kuwauzia Weusi. Walitafuta faida, na hilo lisifichwe. Lakini walikuwa tayari kumuuzia Mweusi ardhi ya ufukoni na kumpa hati, jambo ambalo wengi wenye ardhi nzuri zaidi hawakukubali kulifanya.

Kiwanja kilikuwa dola 35. Mnunuzi alitoa dola 6 za kianzio, kisha akadunduliza dola moja kila mwezi mpaka deni liishe. Hesabu hiyo ina maana yake. Mwaka 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku katika kiwanda chake cha magari, na Weusi waliokuwa wakihama mashamba ya pamba ya Kusini walikuwa wameanza kuingia katika viwanda vya Detroit na machinjio ya Chicago. Kwa aliyebahatika kupata ujira wa Ford, kipande kizima cha ardhi kilikuwa sawa na kazi ya siku saba. Kwa dobi au mpishi kilikuwa mzigo, ila mzigo unaobebeka. Wengi waliujua utumwa kupitia masimulizi ya bibi na babu zao waliozaliwa wakiwa mali ya watu. Hati yenye jina lako juu yake, hata ya mchanga na visiki, haikuwa karatasi ya kawaida.

Mawakala walipita katika mitaa ya Weusi, wakiuza makanisani na majumbani. Wanunuzi wengine walilipa kwa posta bila kupata kukiona kiwanja. Misafara ya kuitembeza Idlewild kwa wageni ilianza mnamo 1915, na kampuni ikajenga vibanda vya chumba kimoja ili wapate pa kulala. Vilikuwa vidogo mno kiasi kwamba wenyeji waliviita nyumba za mbwa, na familia nzima ililala humo kwa furaha. Baadhi yavyo bado vimesimama.

Jina lililoifungua Idlewild kwa watu wenye uwezo ni la Dk. Daniel Hale Williams. Huyu ndiye aliyeanzisha Hospitali ya Provident mjini Chicago mwaka 1891, na mwaka 1893 akafungua kifua cha mtu aliyechomwa kisu, akaushona utando unaouzunguka moyo, na mgonjwa akaishi. Daktari huyo alinunua ardhi kando ya ziwa, akajenga nyumba, akapanda bustani, na kuwauzia wengine viwanja. Kisiwa kilichomo ziwani kinaitwa kwa jina lake. Alifariki huko huko Idlewild Agosti 1931, akiwa amewavutia madaktari, walimu, mawakili na wachungaji wengi kutoka miji mikubwa. Madam C. J. Walker, aliyetajirika kwa kutengeneza na kuuza dawa za nywele za wanawake Weusi, naye alinunua viwanja kabla ya kufa kwake mwaka 1919. Mwanazuoni W. E. B. Du Bois alinunua pia, na mwaka 1921 akaisifia Idlewild katika jarida la The Crisis alilolihariri. Sifa za mtu kama huyo zilisomwa nchi nzima.

Mwaka huo huo wa 1921 wenye viwanja waliunda chama chao, kikawa na matawi katika miji mbalimbali. Hapo ndipo Idlewild ilipoacha kuwa mradi wa kampuni na kuwa mji wenye wenyewe.

Watu walifanya nini huko? Walipumzika, na neno hilo lichukuliwe kwa uzito wake wote. Filamu fupi ya matangazo iliyopigwa miaka ya 1920 inaonyesha wanawake waliovalia nguo za kuogelea wakicheka ufukoni, wanaume wakipiga makasia, watu wakipanda farasi, watoto wakirushiana maji. Mtazamaji wa leo anaweza kuona ni picha za likizo kama zilivyo nyingine. Kwa Mweusi wa Marekani wa wakati ule, ambaye magazeti na sinema zilimwonyesha akiwa mtumishi au kichekesho, hizo zilikuwa picha adimu za watu wake wakiwa hawamtumikii mtu.

Asubuhi ilikuwa ya wavuvi. Mito ya huko ina sifa ya pekee: mwaka 1884 vifaranga vya trauti wa kahawia, waliotokana na mayai yaliyoletwa kutoka Ujerumani, viliachiwa katika mto unaopita Baldwin, na hao walikuwa wa kwanza wa aina hiyo kuachiwa katika mito ya Marekani. Mchana ulikuwa wa kuogelea na mitumbwi. Vuli ilipoingia, wawindaji wa kulungu walichukua nafasi ya waogeleaji.

Usiku ulikuwa wa muziki. Herman na Lela Wilson, waliofika kutoka Chicago miaka ya 1920, walinunua ardhi kando ya ziwa jingine na kuanzisha Paradise, yenye hoteli na ukumbi wa burudani. Baadaye Phil Giles akaleta Flamingo Club. Miaka ya 1950 mfanyabiashara wa Saginaw, Arthur Braggs, aliushika ukumbi wa Paradise na kuunda onyesho la wacheza dansi, waimbaji na wachekeshaji lililodumu kiangazi kizima, kisha majira ya baridi akalizungusha katika miji mingine. Jackie Wilson, Della Reese, T-Bone Walker na Aretha Franklin waliimba huko. Vijana wa kundi la Four Tops walinolewa katika jukwaa hilo kabla ya dunia kuwajua. Louis Armstrong pia yumo katika orodha ya waliopita, yule yule ambaye mwaka 1960 umati wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) ulimbeba juu juu kwa shangwe. Nyakati nyingine hata Weupe wa vijiji vya jirani waliendesha magari usiku kwenda kusikiliza.

Reli ya Pere Marquette ilileta wengi, na barabara kuu namba 10 ikaleta wengi zaidi. Safari yenyewe haikuwa salama. Ndiyo sababu madereva walibeba Green Book, kitabu ambacho Victor Green, mfanyakazi wa posta aliyeishi New York, alianza kukichapisha mwaka 1936 ili kuwaonyesha wasafiri Weusi mahali watakapopata chakula na kitanda bila kutukanwa. Familia zilifunga vyakula vya njiani, zikaondoka alfajiri, na hazikupumua vizuri hadi zilipoiona misonobari ya Lake County. Inakadiriwa kwamba katika kilele cha msimu wa kiangazi, miaka ya 1950, hadi watu 25,000 walikuwa wakikusanyika Idlewild. Mwaka 1949 hoteli ya ghorofa mbili, Casa Blanca, ilikuwa imekwisha jengwa ili kuwapokea.

Du Bois alifia Accra tarehe 27 Agosti 1963. Hata mwaka haujapita, tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Hoteli, migahawa na kumbi za burudani kote Marekani hazikuruhusiwa tena kumfukuza mtu kwa rangi yake. Ushindi huo ulipiganiwa kwa damu, na watu wa Idlewild waliushangilia kama wengine. Kisha wakaanza kwenda kwingine. Wanamuziki walipata majukwaa yenye malipo makubwa ambayo kumbi za kijijini hazikuweza kuyafikia. Vijana wakataka kuziona Florida na Las Vegas. Katika miaka michache taa za Paradise na Flamingo zilizimika, maduka yakafungwa, na waliobaki wakawa wazee waliostaafu kutoka viwanda vya magari na kuja kuishi katika nyumba zao za likizo.

Kusema kwamba uhuru uliiua Idlewild ni kulifupisha jambo kupita kiasi. Kilichotokea ni kwamba watu Weusi waliruhusiwa kupeleka fedha zao kwa wenye hoteli Weupe, lakini Weupe wachache sana walipeleka zao kwa wenye hoteli Weusi. Mlango ulifunguliwa upande mmoja, na hasara ikawaangukia wale waliokuwa wamejenga pale ambapo hapakuwa na kitu.

Leo wakazi wa kudumu ni mia kadhaa tu. Eneo hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1979, na kituo cha historia na utamaduni huwapokea wageni msimu wa kiangazi. Casa Blanca haina wageni kwa miaka mingi sasa, na mwaka 2025 shirika la taifa la uhifadhi wa majengo liliitaja miongoni mwa mahali 11 pa kihistoria palipo hatarini zaidi Marekani.

Mjini Grand Rapids, kama kilomita 110 kusini mwa Idlewild, wanaishi maelfu ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wengi wao waliofika kama wakimbizi. Kwao na kwa msomaji yeyote atakayejikuta upande huo mwezi wa Julai, njia ni rahisi: shika barabara ya M-37 kuelekea kaskazini mpaka Baldwin, kisha pinda mashariki kwa barabara namba 10 kwa dakika chache. Nenda na watoto, na uwaambie maji ya ziwa lile yalilipiwa na nani kabla hawajajitosa.