Kutoka abacost mpaka Molokai: nani alituongoza kwa mavazi?

Najua mtaniuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini kwa mambo ya mode? Ngojeni kidogo, tutafika shambani. Tukizungumza uongozi tunafikiria tu rais, gavana ao pasta. Lakini hata kazi ya kubuni nguo iko na viongozi wake, na historia ya nchi yetu inatuonyesha namna mbili za kuongoza.

Ya kwanza ni ya amri. Mwaka 1971 Congo iligeuka Zaïre, na siasa ya "authenticité" ikaingia mpaka ndani ya kabati ya nguo. Suti na kravati zikakatazwa. Mahali pake ikakuja abacost, jina linalotoka kwa Kifaransa "à bas le costume", yaani suti ianguke. Wanawake nao wakakatazwa suruali na perruque, wavae kikwembe. Wazo lenyewe halikuwa baya: watu waliotoka ukoloni wako na haki ya kujichagulia nguo. Lakini abacost nzuri za wakubwa zilishonwa wapi? Ubelgiji, kwa nyumba ya Arzoni! Fundi wa nguo wa Kinshasa ao Bukavu alibaki kuiga tu. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na akaruhusu tena kravati. Watu wakarudia suti zao mbio, bila kusukumwa na mtu.

Namna ya pili ni ya mfano. Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu mwaka 1949, hakuwa na polisi wala sheria. Mwaka 1969 alikuwa kati ya walioanzisha Zaïko Langa Langa, na mwaka 1977 akaunda Viva la Musica. Pale Matonge, karibu na nyumba ya familia yake, akatangaza "kijiji" chake: Molokai. Jina hilo lilifanywa kwa herufi za barabara tano za kartie: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Yeye akajiita chifu wa kijiji. Wakati serikali inalazimisha abacost, vijana wa Molokai walijifunza kwake usafi, nywele zilizokatwa vizuri, na kuchagua rangi zinazopatana. Sape ilikuwa tayari na mizizi Brazzaville na Kinshasa, lakini yeye ndiye aliifikisha mbali kwa muziki.

Mimi naona kwake sifa mbili za kiongozi wa ubunifu. Moja, alivaa yeye mwenyewe kile alichohubiri, tena mbele ya watu wote. Mbili, alikuza wengine. Koffi Olomide alimwandikia nyimbo mbele ya kuwa nyota. King Kester Emeneya alipita Viva la Musica, kisha mwaka 1982 akaenda kuunda Victoria Eleison. Mkubwa anayelea watu wenye uwezo wa kuondoka na kusimama peke yao, huyo ameongoza.

Lakini tusifanye hadisi ya malaika. Nguo zile za Sape ziliandikwa majina ya Paris, Milano na Tokyo. Kijana aliweza kukosa kula juu ya viatu. Na mwaka 2004 mahakama ya Ufaransa ilimhukumu Papa Wemba kwa kesi ya kusaidia watu kuingia Ulaya bila haki. Kumbe namna zote mbili, ya amri na ya mfano, zilipeleka franka ya Mcongomani inje.

Sasa tuko shambani. Nguo ya pamba inaanza kwa mbegu. Kisha kutenganisha nyuzi na mbegu, kusokota, kufuma, kutia rangi, ndipo fundi anakata. Nchi hii ilikuwa na karibu mnyororo wote: Filtisaf huko Kalemie, Utexafrica Kinshasa, Sotexki Kisangani. Leo nguvu yao ya zamani haiko tena. Na chini ya mnyororo kulikuwa kidonda: tangu mwaka 1917 wakoloni walilazimisha wanakijiji kulima pamba, kwa bei ambayo mkulima hakupanga. Mzee aliyelimishwa kwa kiboko, nani atamwambia mtoto wake apende pamba?

Ndiyo maana naona sifa ya tatu ndiyo imetukosa: kiongozi wa mode anayejua jina la mkulima wake na kumlipa vizuri. Tuko na mafundi wenye mikono mizuri Goma, Bukavu na Lubumbashi, lakini kikwembe wanachokata mara nyingi kinatoka mbali.

Ninyi wa economie, wa droit, wa sanaa, na sisi wa udongo: nani kati yetu ataketi na fundi na mkulima kwenye meza moja? Mimi niko tayari kuleta mbegu. Wewe utaleta nini?