Mke Asiyekuwepo Mbele ya Sheria

Mnamo mwaka 1853, katika mahakama moja ya Westminster, London, mtengenezaji wa magari ya farasi alimshitaki bwana mmoja kwa deni la matengenezo ya gari la mkewe. Mume na mke hao walikuwa wametengana tangu 1836. Msomaji wa visiwani mwetu, aliyezoea kwamba mali ya mke ni ya mke na deni la mume ni la mume, atauliza: kwa nini asishitakiwe mwenye gari?

Jawabu ni kwamba, mbele ya sheria ya Uingereza ya zama hizo, mwenye gari hakuwepo. Mwanamke alipoolewa, nafsi yake ya kisheria ilimezwa na ya mumewe. Fedha alizokuja nazo, ujira aliouchuma baadaye, hata malipo ya vitabu alivyovitunga, vyote vilikuwa vya mume, na kwa hiyo viliweza kuliwa na wadai wa mume. Matajiri walikuwa na mlango wa nyuma: baba aliweza kumwekea binti yake mali chini ya wadhamini, isiguswe na mkwe. Asiye na baba wa namna hiyo alitoka katika ndoa mikono mitupu.

Mke tunayemzungumzia ni Caroline Norton, mshairi na mtunzi wa riwaya, mjukuu wa mwandishi wa tamthilia Richard Brinsley Sheridan. Aliolewa mwaka 1827 na George Norton, mwanasheria na mbunge ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko mfuko wake. Kalamu ya mke ilisaidia sana kuilisha nyumba hiyo. Walipotengana, mume aliwazuia watoto wao watatu. (Alimshitaki pia Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwa kumtuhumu na mkewe, na jopo la mahakama likaikataa tuhuma hiyo. Kisa hicho ndicho kinachosimuliwa zaidi, nami naona ndicho chenye faida ndogo zaidi.)

Chenye faida ni hesabu. Mwaka 1848 waliandikiana kwamba mume atamlipa mkewe pauni 500 kwa mwaka. Mwaka 1851 mama yake Caroline alifariki na kumwachia pato la pauni 480 kwa mwaka, naye mume akaona njia ya kujipunguzia mzigo, akakata malipo. Mkataba je? Haukuwa na nguvu, kwa kuwa mume na mke walihesabiwa mtu mmoja, na mtu hafungi mkataba na nafsi yake. Basi Caroline akaigeuza hoja ile ile: ikiwa yeye si mtu, madeni yake ni ya nani? Akawaelekeza wadai kwa mume. Ndivyo lile gari lilivyofika mahakamani.

Unguja ya wakati huo ilikuwa na sheria nyingine. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, mabinti zake walirithi kwa majina yao wenyewe, na kwa sheria ya Kiislamu ndoa haihamishi umiliki huo. Mahari iliyoahirishwa nayo ni deni juu ya mume. Hata hivyo tusijivune upesi. Anayejivua ndoa kwa khului aghalabu hurejesha mahari; na mke aliyeuza dhahabu yake ili nyumba iezekwe, hati ikaandikwa jina la mume pekee bila ya shahidi, ana haki asiyoweza kuithibitisha. Ajabu ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamrisha deni liandikwe, nasi baina ya mume na mke twaona aibu kuandikiana.

Caroline alichapisha malalamiko yake mwaka 1854, na mwaka uliofuata akamwandikia Malkia Victoria barua ya wazi. Sheria ya 1857 ilimruhusu mke aliyetelekezwa kuomba amri ya kulinda pato lake dhidi ya mume na wadai wa mume. Umiliki kamili wa mali ulikuja mwaka 1882, miaka mitano baada ya kifo chake. Lakini sheria ya 1870, iliyompa mke ujira wake, ilitaja waziwazi fedha zitokanazo na kazi ya uandishi. Caroline alikuwa hai bado, mwenye umri wa miaka 62.