Chemshabongo ya mafumbo

Chemshabongo ya mafumbo ni mchezo wa kujaza maneno, mlalo na wima, katika mraba wa vyumba vyeusi na vyeupe, ambamo maana ya juujuu ya kila kidokezo humpoteza msomaji. Mchezo huu umekomaa Uingereza. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, aliutungia gazeti la The Observer tangu 1926 hadi alipofariki 1939. Mrithi wake, D. S. Macnutt (Ximenes), alifafanua kanuni za kumtendea haki mtatuzi katika kitabu chake cha 1966.

Kidokezo halali huwa na fasili ya jibu, mwanzoni au mwishoni, pamoja na mchezo wa herufi unaofikia jibu lilelile kwa njia nyingine. Mfano: "Ndani ya Kassim baharini kuna mnyama (5)". Anayewaza nyangumi amekwisha kunaswa. Fasili ni "mnyama". "Ndani ya" inaagiza kuchungulia herufi za "Kassim baharini", na humo, zikifuatana, zimo s-i-m-b-a. Mbinu nyingine ni kupangua herufi au kuzisoma kinyume. Ndiyo maana watatuzi hawatosheki na jibu tupu. Hujadiliana mpaka kila neno la kidokezo lionyeshe kazi yake.

John Graham (Araucaria), mtunzi aliyependwa mno wa The Guardian, alitumia chemshabongo ya Januari 2013 kuwaarifu wasomaji kwamba ana saratani ya umio: ugonjwa wenyewe ulikuwa miongoni mwa majibu. Alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 92.